Mabingwa wa Neva Walio Kati Yetu Bumula

Ukisimama Kimaeti, kwenye barabara kuu inayotoka Kanduyi kwenda Malaba, umezungukwa na mabingwa wa dunia. Ng'ambo kuna shamba la tumbaku. Kwenye rafu za agroveti zimepangwa chupa za dawa za wadudu. Pembeni mwa mahindi umeota mnanaha, na nyuma ya boma kuna kichuguu ambacho mvua ikikata hutoa kumbikumbi. Kila kimoja kati ya hivi kinahusika na kemikali inayoshikilia rekodi fulani, ya ukali, ya kasi au ya ukaidi. Na zote zinagombania mahali pamoja mwilini, pale neva inapokomea na msuli, tezi au moyo unapoanzia.

Mahali hapo ni padogo mno. Mfumo wa neva wa pembezoni, yaani neva zote zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo, hupeleka ujumbe kwa umeme mpaka mwisho wa uzi. Lakini uzi haugusani na msuli. Kati yao kuna pengo la nanomita 50 hivi, na nanomita milioni moja ndizo zinazotimiza milimita moja. Umeme hauvuki pengo hilo, kwa hiyo neva humwaga kemikali, kemikali hugusa vipokezi vya upande wa pili, nao msuli hujikunja. Kwa misuli ya mikono na miguu, kwa mate, machozi na jasho, na kwa kupunguza mwendo wa moyo, kemikali hiyo ni asetilikolini. Kwa kuuharakisha moyo na kubana mishipa ya damu ni noradrenalini, pamoja na nduguye adrenalini anayesafiri kwa damu. Dawa na sumu nitakazozitaja huzuia kemikali hizi zisimwagwe, au huzimwaga kupita kiasi, huziigiza, huziba vipokezi vyake, au huzuia zisiondolewe zikishamaliza kazi.

Kasi ya Omanyala na kasi ya neva zake

Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika, na Magharibi nzima ikashangilia. Kwa wastani alikuwa akienda mita kumi na ushei kwa sekunde. Neva za kasi zaidi mwilini mwake, zile nene zilizovikwa ala ya mafuta, hupeleka ujumbe kwa kasi inayofika mita 120 kwa sekunde. Zingeshindana naye, zingefika utepeni kabla ya sekunde moja kutimia. Neva za polepole kuliko zote ni zile nyembamba zisizo na ala, zinazobeba uchungu wa kuchoma na kudunda. Hizo huenda mita moja hivi kwa sekunde, na ndiyo sababu mtu akijikwaa kidole, maumivu makali hutangulia na yale mazito hufuata.

Asetilikolini ikishamwagwa lazima iondolewe papo hapo, la sivyo msuli ubaki umekazwa na ujumbe unaofuata usisikike. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, kimojawapo cha vimeng'enya vya kasi zaidi vinavyojulikana. Molekuli yake moja huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde, na vipimo vingine hufika 25,000. Huyu ni mfagiaji asiyepumzika tangu tunapozaliwa, na sehemu kubwa ya makala haya inawahusu wanaomfunga mikono.

Sumu kali kupita zote, na mfuko wa plastiki

Aliyekulia Bumula anajua jinsi kumbikumbi, ambao Wabukusu huwaita chiswa, wanavyotegwa. Kichuguu hufunikwa kwa matawi na blanketi kuukuu, huachwa tundu moja tu lenye shimo chini yake, na watoto hugonga vijiti kwa mdundo wa matone mpaka wadudu wadhani mvua imerudi. Hutoka kwa maelfu wakitumbukia shimoni. Wengine huliwa pale pale wakiwa wabichi, wengine hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na waliosalia huanikwa na kupelekwa sokoni, wapimwe kwa gorogoro.

Ni chakula kizuri, na sina nia ya kumtisha mtu asikile. Lakini mwaka 1980 madaktari Nightingale na Ayim waliandika katika jarida la British Medical Journal juu ya watu nchini Kenya waliokula kumbikumbi wakapatwa na botulizimu, na baadhi yao wakafa. Wadudu hao walikuwa wamefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa wakisafirishwa kutoka Magharibi. Kwenye udongo wa karibu kila mahali duniani kuna mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Penye hewa hulala tu. Mahali palipofungwa, penye unyevu, joto na protini, huamka na kutengeneza sumu ambayo hakuna nyingine inayojulikana iliyoifikia kwa ukali. Wataalamu waliopiga hesabu mwaka 2001 walisema gramu moja ikitawanywa sawasawa na kuvutwa kwa pumzi ingeweza kuua zaidi ya watu milioni moja.

Inavyofanya kazi ni jambo la kutisha kwa utaratibu wake. Huingia ndani ya mwisho wa neva na kukata protini zinazofungua vifuko vya asetilikolini. Vifuko vipo, vimejaa, lakini havifunguki. Kope hulegea kwanza, mtu huanza kuona kitu kimoja kuwa viwili, kisha ulimi huwa mzito, chakula hakimezeki, na mwishowe kifua hushindwa kuvuta hewa. Hakuna homa, na akili hubaki timamu mgonjwa akilishuhudia lote. Kisa kilichowezesha bakteria huyo kutambuliwa kilitokea Desemba 1895 katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, ambako wapiga tarumbeta waliokula nyama ya nguruwe baada ya mazishi waliugua wakiwa 34 na watatu wakafariki. Profesa Émile van Ermengem alimpata bakteria kwenye nyama hiyo na ndani ya miili ya waliokufa.

Sumu hiyohiyo inashikilia rekodi nyingine, ya kudumu. Ikipigwa kwa sindano kwa kiasi kidogo mno, hulegeza msuli uliokazwa kwa miezi mitatu au zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kutibu makengeza na kope zinazofumba zenyewe, na leo inatumika pia kwa watoto wenye miguu iliyokakamaa kwa sababu ya kupooza kwa ubongo.

Kwa jikoni, hesabu ni hii. Kuchemsha kwa dakika kumi huiharibu sumu yenyewe, lakini mbegu za bakteria hustahimili maji yanayotokota. Kumbikumbi waanikwe wakauke kabisa, wasafirishwe ndani ya gunia au kikapu kinachopitisha hewa, na wasifungwe kwenye plastiki wakiwa wabichi. Na mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe asali hata kidogo, kwa kuwa tumbo lake bado haliwezi kuzizuia mbegu hizo zisichipue.

Jani lililochora ramani

Malakisi, kaskazini-magharibi ya Bumula, imekuwa kituo cha kununua tumbaku kwa miongo mingi, na mashamba yake yameenea mpaka kwa majirani. Nikotini iliyo katika jani hilo ndiyo kemikali iliyowafundisha wanasayansi neva za pembezoni kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1889 huko Cambridge, John Langley na William Dickinson waliipaka kwenye vifundo ambako neva moja hupokezana na nyingine, wakaona ujumbe unakatika. Kwa kupaka kifundo baada ya kifundo walijua neva ipi inapokezana wapi na ipi inapita moja kwa moja. Mwaka 1905, akitumia nikotini na sumu ya mishale iitwayo kurare kwenye misuli ya kuku, Langley alipendekeza kwamba kuna kitu maalumu juu ya msuli kinachoipokea kemikali. Famasia yote ya leo imejengwa juu ya wazo hilo la kipokezi.

Nikotini huigiza asetilikolini. Kwanza hukiamsha kipokezi, kisha kwa kukaa mno hukichosha. Hayo hayatokei kwa mvutaji peke yake. Mama anayevunja majani asubuhi umande haujakauka, akayapachika kwapani mpaka mkono ujae, huvaa nguo iliyolowa maji yenye nikotini, na nikotini hupenya ngozi. Ikifika jioni ana kichefuchefu, anatapika, kichwa kinamzunguka, magoti hayana nguvu. Madaktari wa Florida waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970. Kwetu wengi hudhani ni jua, au malaria, au mimba, na humeza dawa ya kitu kingine. Watoto wanaosaidia baada ya shule huathirika upesi zaidi kwa sababu miili yao ni midogo na hawajazoea nikotini. Kungoja umande ukauke, kuvaa mikono mirefu na glavu, kubadilisha nguo zikilowa na kuoga kwa sabuni mara baada ya kazi, hayo hupunguza mengi. Kuacha zao lenyewe huondoa yote. Huko Migori, Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Mpango wa Chakula Duniani pamoja na serikali wamekuwa wakiwasaidia wakulima kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na ningependa sana kuona magunia ya maharagwe hayo yakijaa soko la Kimaeti.

Nyoka wa Kaimosi

Msitu wa Kaimosi, upande wa Vihiga, umempa jina nyoka anayejulikana na wataalamu duniani kote: Dendroaspis jamesoni kaimosae, koboko wa kijani anayeishi mitini, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1936. Jamii ya koboko ina silaha isiyopatikana kwa nyoka wengine. Baadhi ya sumu zao huilazimisha neva imwage asetilikolini kupita kiasi, na baadhi ya koboko wa kijani wana nyingine inayombana yule mfagiaji moja kwa moja, miongoni mwa vizuizi vyake vikali kabisa vya asili. Swila hufanya kinyume, huziba vipokezi ili asetilikolini isipate pa kutua.

Rekodi ya kung'ang'ania ni ya nyoka wa mbali, aitwaye kraiti, wa Taiwan. Sumu yake moja, iliyotengwa na Chang na Lee mwaka 1963, hushika kipokezi cha asetilikolini kwa nguvu hata wanasayansi wakaitumia kukivua kipokezi hicho kutoka kwenye utando wa seli na kukichunguza peke yake, kipokezi cha kwanza cha aina hiyo kutengwa. Aliyeumwa na nyoka huku kwetu asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Alazwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe haraka.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Tarehe 23 Januari 1942 mjini Montreal, Harold Griffith alimpiga mgonjwa sindano ya kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amazon, ili misuli ya tumbo ilegee wakati wa upasuaji. Kabla ya hapo njia ya kulegeza misuli ilikuwa kuongeza dawa ya usingizi mpaka mgonjwa akaribie kaburi. Tangu siku hiyo usingizi ukawa na dawa yake, na ulegevu ukawa na dawa yake.

Bingwa wa kasi katika kundi hilo ni suksametoniamu, dawa iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Ikiingia mshipani, msuli hulegea kabla ya dakika moja kuisha, daktari akapata nafasi ya kupitisha mpira wa hewa kooni, na baada ya dakika tano hivi nguvu huanza kurudi zenyewe. Hurudi kwa sababu kimeng'enya kingine kilicho kwenye damu, binamu wa mfagiaji wetu, huivunja. Wapo waliozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu, nao dakika tano zao hugeuka kuwa saa. Mkulima aliyepatwa na sumu ya dawa za wadudu huingia kundi hilohilo, ndiyo maana kuna swali ambalo kila mtoa dawa ya usingizi wa Kitale na Bungoma ana sababu ya kuliuliza kabla ya kufungua chupa: ulipiga dawa shambani lini?

Agosti ya mwaka shufwa

Kila baada ya miaka miwili, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wa Kibukusu hupiga chinyimba wakizunguka kuwaalika wajomba na shangazi. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa udongo wa mtoni ulio baridi, hurudi nyumbani kwa nyimbo, na kijana husimama uani mbele ya ukoo mzima bila sindano ya ganzi, bila kupepesa jicho. Anachopewa na mwili wake dakika hizo ni adrenalini yake mwenyewe, inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo kwa amri ya neva. Moyo hupiga kwa nguvu, mishipa ya ngozi hubana, mboni hupanuka, mapafu hufunguka.

Adrenalini ndiyo homoni ya kwanza kabisa kutengwa ikiwa safi, kazi ya Mjapani Jokichi Takamine huko New York mwaka 1901. Noradrenalini ilingoja mpaka 1946, Ulf von Euler wa Uswidi alipoonyesha kwamba ndiyo inayomwagwa na neva zenyewe. Kwa mtu aliyeumwa na nyuki mwili ukamkataa, uso ukavimba na pumzi ikakatika, nusu miligramu ya adrenalini kwenye msuli wa paja hutenda kwa dakika chache, na hakuna dawa nyingine inayoweza kushika nafasi yake.

Tatizo la adrenalini ni kwamba hugusa kila kipokezi cha jamaa yake. Mwenye pumu anahitaji mapafu yafunguke, hahitaji moyo umwende mbio. Kundi la David Jack huko Uingereza lilitengeneza salbutamoli, iliyouzwa kuanzia 1969, ambayo huchagua zaidi vipokezi vya mapafu. Kwa mama anayepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha na mtoto wake anakohoa usiku kucha, sijui uvumbuzi wa kemia uliomfaa kuliko huo. Bado vidole hutetemeka kidogo na moyo hudunda, maana hakuna uchaguzi ulio kamili. Wakimbiaji wa Iten na Eldoret wenye pumu huruhusiwa kuivuta bila kibali mradi wasizidishe mikrogramu 1600 kwa saa 24, na mkondo wa kinyume una hatari yake: propranololi, iliyoanza na kazi ya James Black na kutumika tangu miaka ya 1960, hutuliza moyo kwa kuziba vipokezi hivyohivyo, na ikimezwa na mwenye pumu yaweza kumfunga kifua. Black alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988.

Miraa ya Igembe nayo imo humu. Kathinoni, iliyotambuliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, huzisukuma neva zimwage noradrenalini iliyohifadhiwa, na presha ya mtafunaji hupanda. Kathinoni huharibika jani linaponyauka, na ndiyo sababu gari za miraa hukimbia vile.

Mnanaha

Mnanaha una maua meupe marefu na tunda la miiba lililojaa mbegu nyeusi. Ndani yake mna atropini na jamaa zake, zinazoziba vipokezi vya asetilikolini kwenye tezi, macho, matumbo na moyo. Mdomo hukauka, ngozi huwa moto na nyekundu, mboni hupanuka mpaka mwanga uumize, moyo hukimbia, na kwa kuwa hufika ubongoni pia, mtu huzungumza na wasiokuwepo. Mwaka 2019, ng'ambo ya Mlima Elgon huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada wa chakula uliochafuliwa na sumu za mmea huu uliwafanya watu karibu 300 waugue, na watano wakafa. Ni miongoni mwa visa vikubwa kabisa vya sumu hii kwenye chakula. Mbegu zake ni ndogo na huvunwa pamoja na nafaka mkulima asipong'oa magugu kabla hayajazaa.

Lakini atropini hiyohiyo, ikipimwa, ndiyo inayosimama kati ya mkulima na kaburi. Na hapo tunarudi kwa mfagiaji.

Waliomfunga mfagiaji mikono

Desemba 1936 mkemia Gerhard Schrader, akiitafutia kampuni ya IG Farben ya Ujerumani dawa ya wadudu, alitengeneza kemikali iliyomdhuru yeye mwenyewe na msaidizi wake kwa tone dogo tu. Ilikuwa tabuni, gesi ya kwanza ya neva. Sarini ikafuata 1938, na ndiyo iliyotumiwa na magaidi kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995. Kutoka ukoo huohuo zilizaliwa dawa za mashambani zinazoitwa oganofosfeti: parathioni, dimethoeti, diazinoni, klopairifosi. Zinatofautiana sana kwa ukali, lakini zote hufanya jambo moja. Humshika mfagiaji, asetilikolini ikajaa pengoni. Mboni huwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na machozi hutiririka, tumbo hukoroga, jasho hutoka, misuli huchezacheza kisha hulegea, moyo hupungua mwendo, na mapafu hujaa ute mpaka mtu azame nchi kavu.

Viwavijeshi walipoingia Kenya mwaka 2017 na kula mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma, mikono mingi iliyokuwa haijawahi kushika pampu ya mgongoni iliishika. Nimetazama mara nyingi jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Kifuniko cha chupa ndicho kipimo. Dawa hukorogwa kwa kijiti, na kikikosekana kijiti, kwa mkono. Pampu inavuja kwenye mshono na maji hushuka mgongoni, shati likalowa, na mpigaji dawa hawezi kulivua kwa kuwa jua ni kali na safu bado ni nyingi. Tundu la mpulizo likiziba, hulipuliza kwa mdomo. Jioni chupa tupu huoshwa, ikatiwa parafini au maziwa.

Rekodi ya haraka zaidi hapa ni ya kutisha. Kila oganofosfeti ikishamshika mfagiaji, baada ya muda hujifunga kwa namna ambayo dawa ya kumfungua, pralidoksimu, haiwezi tena kufaa. Kwa somani, gesi ya vita, nusu ya vimeng'enya hufikia hali hiyo kwa dakika chache tu. Kwa zile za jamii ya dimethoeti ni saa nne hivi. Kwa klopairifosi na diazinoni ni kama saa 33. Tarakimu hizi zinahusu pralidoksimu peke yake, wala si ruhusa ya kungoja, kwa sababu mapafu hujaa mapema zaidi. Kuna binamu zao, kabamati, ambazo hulegeza mshiko zenyewe ndani ya siku moja hivi, ingawa mtu anaweza kufa kabla. Maarufu kati yake ni kabofurani, iliyouzwa kwa jina la Furadan na kuondolewa kwenye soko la Kenya na mtengenezaji mwaka 2009 baada ya kelele za simba waliouawa kwayo. Mtafiti wa ndege Martin Odino alionyesha jinsi ilivyotumiwa Bunyala, kule Mto Nzoia unakomwaga maji yetu ziwani, kuua korongo na ndege wengine waliouzwa kama kitoweo.

Tiba ya kwanza ni atropini. Daktari huanza na miligramu moja mpaka tatu, husikiliza kifua, na kama bado kina maji huongeza maradufu kila baada ya dakika tano mpaka kikauke. Rekodi ninayoijua ilichapishwa mwaka 1985 na Golsousidis na Kokkas: mgonjwa mmoja wa parathioni aliyepewa miligramu 19,590 za atropini kwa siku 24. Kwa ampuli za miligramu moja moja, hizo ni ampuli karibu elfu ishirini kwa mtu mmoja. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa. Hospitali ndogo ya mashambani yenye ampuli kumi kabatini ina tiba ya dakika kumi au kumi na tano, na baada ya hapo ina gari la wagonjwa, kama lipo na lina mafuta.

Hata hivyo idadi kubwa zaidi ya watu waliookolewa kutokana na sumu hizi haikuokolewa kwa sindano. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa za mashambani zilizo kali zaidi hatua kwa hatua, na kati ya 1995 na 2015 vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Inakadiriwa watu 93,000 waliishi kwa sababu hiyo. Mtu aliyekata tamaa usiku mmoja alikuta chupa isiyoua, akapata kesho yake. Mavuno hayakushuka. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubali kuiweka klopairifosi kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, japo kwa misamaha kadhaa. Bodi yetu ya kudhibiti dawa za wadudu ina mfano wa kufuata, na wabunge wetu wana la kuiuliza.

Kwa sasa chupa zingali rafuni. Aliyelowa dawa avuliwe nguo zote, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na anayemwosha avae glavu au mifuko mikononi. Asitapishwe, asinyweshwe maziwa wala mafuta. Alazwe kwa ubavu na apelekwe. Na anayempeleka aibebe chupa yenyewe ikiwa na karatasi yake, ndani ya mfuko, hata kama ni ya josho. Dawa ya kupe yenye amitrazi, kwa mfano, haimgusi kabisa yule mfagiaji: hubonyeza vipokezi vya noradrenalini, mtu akasinzia na moyo ukazubaa, na ampuli zote za pralidoksimu za Bungoma hazitamsaidia kitu.